Mchezaji na Mchezewa: Muziki wa Kielektroniki na Swali la Ufanisi

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa anayecheza mpira, anayecheza bao na anayecheza ngoma. Wote wanacheza. Msemaji halazimiki kueleza kama mchezo huo una mshindi au hauna, wala kama mwili unafuata kanuni au unafuata mdundo. Kijana anayeketi mbele ya skrini usiku, hedifoni masikioni, padi mkononi, na muziki wa tekno wa mapigo 130 kwa dakika umemjaa kichwani, anacheza kwa maana zote mbili kwa pamoja: akili yake imo katika mchezo wa video, na vidole vyake vimo katika ngoma. Si jambo geni siku hizi, Dar es Salaam kama Muscat, London kama Minneapolis.

Swali linaloulizwa kwa kawaida juu ya kijana huyu ni moja: je, muziki ule unamfanya acheze vizuri zaidi? Swali lina sura ya maabara, na maabara zimelijibu kwa kiasi chake. Lakini ndani yake limejificha swali jingine ambalo halipimwi kwa alama za mchezo: pale ngoma inapouongoza mkono, ni nani hasa anayecheza? Kiswahili kina mchezaji, na kina mchezewa. Insha hii inahusu mpaka uliopo baina ya hao wawili.

Muziki wa kielektroniki na michezo ya video vililelewa pamoja. Mwaka 1978 kampuni ya Kijapani ya Taito ilitoa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Muziki wake ulikuwa wa noti 4 tu, zikishuka na kurudiwa bila kukoma. Kadiri mchezaji alivyowaangamiza maadui, ndivyo waliobaki walivyoongeza mwendo, na noti zile nazo zikaongeza kasi. Chanzo cha mwendo huo kuongezeka kilikuwa udhaifu wa mashine: kompyuta ya wakati ule ilipobakiwa na picha chache za kuchora, ilizichora upesi zaidi. Nishikado akaliacha jambo hilo lilivyo kwa kuwa liliongeza msisimko. Tangu wakati huo mchezaji amekuwa akisikia hatari kabla hajaifikiria, na moyo wake umekuwa ukienda mbio kwa amri ya spika.

Mwaka 1995 kampuni ya Psygnosis ya Liverpool ilitoa Wipeout, mchezo wa mashindano ya vyombo vinavyoelea juu ya njia. Toleo lake la Ulaya lilibeba nyimbo za Orbital, Leftfield na Chemical Brothers, yaani sauti ya kumbi za dansi za Uingereza za miaka ile, ikaingia sebuleni. Hapo mwendo wa chombo na mwendo wa muziki vilikuwa kitu kimoja, na aliyezima sauti alihisi kama aliyekata nusu ya mchezo. Miaka 6 baadaye Tetsuya Mizuguchi na wenzake huko Japani walitoa Rez, ambamo uhusiano huo uligeuzwa: kila shabaha anayoipiga mchezaji huongeza sauti katika muziki wa tekno unaoendelea, hata ushindi na wimbo vikajengwa kwa pigo lile lile. Michezo hii 3 inaonyesha njia 3 tofauti. Katika wa kwanza mashine humwongoza mtu. Katika wa pili mtu na muziki hukimbia sambamba. Katika wa tatu mtu humjibu mpiga ngoma, na mpiga ngoma humjibu mtu.

Hata hivyo, kijana wetu mara nyingi hasikilizi muziki wa mchezo wenyewe. Anauzima, kisha anafungua orodha yake ya nyimbo za tekno, hausi au dramu-en-besi. Muziki huu haujui kwamba yeye anacheza. Hauongezi kasi anapokaribia kushinda, wala haupoi anapochoka. Hapa ndipo watafiti walipoanza kupima.

Adrian North na David Hargreaves walichapisha mwaka 1999 utafiti ambamo watu waliendesha gari katika mchezo wa kompyuta kwa mizunguko 5, wengine wakisikiliza muziki wa kusisimua na wengine muziki mtulivu. Baadhi yao walipewa pia kazi ya kuhesabu kinyumenyume huku wakiendesha. Waliosikiliza muziki wa kusisimua walitumia muda mrefu zaidi kumaliza mizunguko, na kuhesabu kinyumenyume nako kuliwachelewesha watu vivyo hivyo. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba muziki huo unagombea na mchezo uwezo ule ule wa akili, ambao una kikomo. Wazo hilo la kikomo Daniel Kahneman alikwisha kulifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya uangalifu na juhudi.

Mwaka 2001 Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion alichapisha majaribio yaliyotumia mchezo wa kuigiza uendeshaji wa gari. Kadiri mapigo ya muziki yalivyoongezeka, mwendo wa madereva uliongezeka, na makosa yao pia: kupita taa nyekundu, kutoka katika njia yao, kugonga. Mwaka 2005 Sylvie Hébert na wenzake huko Montréal waliwapa vijana wa kiume mchezo wa Quake III Arena, wengine pamoja na muziki wake wa tekno na wengine bila muziki. Waliocheza na muziki walionekana baadaye kuwa na kiwango kikubwa zaidi cha kotisoli, homoni ya mfadhaiko, katika mate yao. Na mwaka 2009 Gianna Cassidy na Raymond MacDonald huko Scotland walionyesha kwamba muziki aliouchagua mchezaji mwenyewe haufanyi kazi sawa na muziki aliochaguliwa na mtafiti: wa kuchaguliwa na mtafiti, hasa ule wa kusisimua, uliwavuruga watu, wa kwao wenyewe uliwafaa zaidi na ukawapa furaha kubwa zaidi.

Matokeo haya yanaweza kuonekana kama yanapingana, lakini yakisomwa pamoja yanasema jambo moja. Neno vizuri si kitu kimoja. Kuna wepesi wa mkono, kuna usahihi, kuna raha, kuna bei inayolipwa na mwili, na muziki huvipeleka vitu hivi pande tofauti kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson walipofanya majaribio yao ya panya, wanasaikolojia wamefahamu kwamba msisimko husaidia hadi kiwango fulani, kisha huanza kuharibu, na kwamba kazi ngumu hufikia kiwango hicho mapema kuliko kazi rahisi. Aliyekwisha kuzoea njia za mchezo kiasi cha kuzipita bila kufikiri hubakiwa na nafasi ya kusikiliza. Anayejifunza hana. Muziki ule ule unaomkamilisha fundi humpotosha mwanafunzi, na kila mmoja wao anaamini kwamba anacheza vizuri, kwa sababu msisimko na ustadi vinafanana kwa yule aliye ndani yake.

Kufanana huko ndiko kunakolitoa swali katika maabara na kulileta katika maadili. Mtu akiamini kwamba yuko hodari ilhali ameharakishwa tu, kuna jambo juu yake mwenyewe ambalo amefichwa. Katika mchezo, gharama yake ni alama chache. Lakini mkono ule ule hushika usukani wa gari siku ya pili, na majaribio ya Brodsky yalihusu barabara hasa, mchezo ukiwa chombo cha kuipimia.

Pingamizi la kwanza ambalo watu hulitaja juu ya muziki katika ushindani ni la haki: je, si udanganyifu? Riadha imelishughulikia swali hili kwa uwazi. Mwaka 1998, mjini Birmingham, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani huku spika za uwanja zikipiga wimbo wa dansi Scatman, aliouomba mwenyewe kwa kuwa mdundo wake ulilingana na hatua zake. Mwaka 2007 chama cha riadha cha Marekani kilipiga marufuku hedifoni katika mbio za barabarani, kisha kikalegeza marufuku hiyo ili iwabane hasa wale wanaogombea tuzo. Hoja zilikuwa usalama na usawa. Nazo zina uzito. Lakini hazifiki mbali. Wimbo ulisikika uwanja mzima siku ile ya Birmingham, na hakuna mwingine aliyeweza kukimbia kama Gebrselassie. Wala muziki si dawa inayoingizwa katika damu kwa siri. Mchezaji wa video anayecheza peke yake chumbani hamdanganyi mshindani yeyote. Kama kuna anayedanganywa, ni yeye.

Jambo zito zaidi ni mamlaka: nani anashika mwendo? Katika pwani ya Afrika Mashariki, kama kwingineko duniani, kazi na wimbo vimeishi pamoja kwa muda mrefu. Wanawake wametwanga kwa nyimbo, mchi ukipishana na mchi kinuni. Wavuvi wamevuta juya ufukweni kwa wimbo, na mabaharia wamepandisha tanga la jahazi kwa wimbo. Bila shaka wimbo huo uliongeza ufanisi, kwa kuwa uliwafanya watu wengi wavute kwa pamoja. Lakini aliyeuanzisha alikuwa ameshika kamba ile ile. Mikono ikichoka, alisikia. Akapunguza mwendo, au akaingiza mzaha watu wakacheka na kupumua. Wimbo ulikuwa na masikio.

Uingereza ilijaribu namna nyingine. Tarehe 23 Juni 1940, katikati ya vita, BBC ilianza kutangaza kipindi cha muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, Music While You Work. Muziki wake ulichaguliwa uwe mchangamfu, wenye mdundo usioyumba, usiovuta mawazo mno. Wimbo mmoja uliokuwa maarufu, Deep in the Heart of Texas, uliondolewa katika kipindi hicho kwa kuwa una mahali pa kupiga makofi, na ilihofiwa kwamba wafanyakazi wangeacha mashine zao ili wapige makofi au wagonge kwa vifaa vyao. Kisa hiki kidogo kinasema mengi. Muziki uliruhusiwa kumharakisha mfanyakazi, ila haukuruhusiwa kumwalika ajibu. Pale alipotaka kuwa mchezaji, wimbo ulizimwa.

Orodha za nyimbo zinazouzwa leo kwa majina ya umakini, ya mazoezi na ya michezo ya video ni watoto wa kipindi kile. Zimetengenezwa zisikilizwe bila kusikilizwa. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanda ameondoka, na kijana amejifanya mnyapara wa nafsi yake: hakuna aliyemwamuru kuongeza kasi, ila amejinunulia mdundo wa kujiamuru. Na kiwanda chenyewe ni mchezo, mahali ambapo zamani mtu alikimbilia ili aepukane na kiwanda.

Hapa mwanafalsafa Bernard Suits anafaa kusikilizwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1978, The Grasshopper, alieleza kwamba kucheza mchezo ni kujitolea kuvishinda vikwazo visivyo vya lazima. Mchezaji wa gofu angetaka tu mpira uingie shimoni, angeubeba kwa mkono akautumbukiza. Anachagua njia ndefu, kwa sababu njia hiyo ndiyo mchezo. Kama ni hivyo, basi kuuliza juu ya jambo lolote kama linaongeza ufanisi wa mchezaji ni kuuliza nusu ya swali. Ufanisi katika mchezo una thamani pale tu unapopitia katika uwezo wa mchezaji mwenyewe: macho yake, subira yake, busara yake ya kujua lini ashambulie na lini ajifiche. Kinachoyapita haya kando kinaleta alama bila kuleta uchezaji.

Mtu anaweza kujibu kwamba lawama hii ni ya wazee dhidi ya muziki wa vijana, na kwamba kasi na umeme ndivyo vinavyoogopwa. Singeli inatosha kuliondoa shaka hilo. Muziki huu wa mitaa ya Dar es Salaam hutengenezwa kwa kompyuta, na mapigo yake hupita 200 kwa dakika, mara nyingine yakakaribia 300. Tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, umesikika pia katika kumbi za Ulaya. Hakuna muziki wa kielektroniki ulio mbali zaidi na utulivu. Lakini katika sherehe ya mtaani, emsii anawaona wachezaji, anawataja kwa majina, anawachokoza, anawajibu. Na didjei akiona vumbi limetulia hubadilisha. Kasi ni ya kutisha, ila haiko nje ya watu. Vivyo hivyo katika ngoma za pepo, ambamo mchezaji hupoteza kabisa mamlaka juu ya mwili wake, fundi humtazama na kubadilisha mapigo kulingana na hali yake. Aliyepagawa amekabidhiwa kwa mtu anayemwangalia. Kijana mwenye hedifoni amekabidhiwa kwa faili ambalo litaendelea kupiga hata akilala.

Kwa hiyo tatizo si umeme, wala si kasi, wala si kuongozwa. Kuongozwa na ngoma ni sehemu ya kucheza, na mwali anayechezwa unyagoni anajua kwamba kauli ya kutendwa si aibu. Tatizo ni kuongozwa na kisichosikia, kisha kukiita kipimo cha uwezo wako.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, nalo linatokana na utafiti wa Cassidy na MacDonald. Muziki aliouchagua mchezaji mwenyewe ulimfaa zaidi. Basi si kweli kwamba amekabidhiwa kwa mgeni: wimbo ule ni wake, anaujua kila kona, amekua nao. Kwa kijana wa ughaibuni huenda ndio kitu pekee chumbani mle kilicho chake bila mabishano, wakati nyumba ina lugha moja, shule ina nyingine, na ukuta ni mwembamba. Anaweka hedifoni si ili aongeze alama bali ili apate mahali. Mzazi anayesikia mdundo ukivuja mlangoni na kuhukumu kwamba mtoto anapoteza muda, huenda hajui kwamba mtoto anajijengea chumba ndani ya chumba.

Pingamizi hili halina budi kukubaliwa, na likikubaliwa linageuza hukumu. Kinachoutenga muziki unaomcheza mtu na muziki anaocheza nao hakimo katika muziki wenyewe. Kimo katika sababu ya kuuweka, na katika uwezo wa kuuondoa. Aliyeweka wimbo kwa kuwa anaupenda bado anausikia; ukifika mahali pazuri anaweza kutulia hata akapoteza mchezo, na asijute. Huyo amejibu, kama yule mfanyakazi ambaye angeacha mashine akapiga makofi. Aliyeuweka ili umsukume hausikii tena. Anasikia tu kusukumwa. Na hedifoni zikiharibika, wa kwanza atakosa starehe, wa pili atakosa mkono.

Ipo njia ya kujipima isiyohitaji maabara wala mate. Mchezaji auzime muziki kwa usiku mmoja acheze kimya, kisha usiku wa pili auzime mchezo asikilize wimbo peke yake, hadi mwisho. Akigundua kwamba kimya kinamwonyesha makosa aliyokuwa hayaoni, amejifunza kitu kuhusu ustadi wake. Akigundua kwamba wimbo ukiwa peke yake haumpi chochote, na kwamba hawezi kuuvumilia dakika 3 bila kitu cha kupiga risasi, amejifunza jambo zito zaidi: kwamba kwa miezi mingi amekuwa na ngoma masikioni bila kuwa na muziki. Na kama usiku wote wawili umempendeza, basi avirudishe pamoja bila hofu, alama ziwe nyingi au chache, maana huyo anacheza.